Laini mbili, mtaro mmoja: malalamiko kuhusu njia za faiba kati ya Dar es Salaam na Dodoma

Mkurugenzi wa Huduma kwa Mashirika,
Dar es Salaam.

YAH: KUHAMISHWA KWA LAINI YETU YA PILI KATI YA VITUO VYA DATA BILA RIDHAA YETU

Ndugu Mkurugenzi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Taasisi yetu ya mikopo ina vituo viwili vya data, kimoja Dar es Salaam na kingine Dodoma, na kampuni yenu ndiyo inayotukodisha laini mbili za faiba zinazoviunganisha. Mkataba hauna utata. Laini ya kwanza ipite Chalinze, Morogoro na Gairo. Ya pili izunguke kaskazini: Bagamoyo, Msata, Segera, Moshi, Arusha, kisha ishuke Babati na Kondoa hadi Dodoma. Kwa mzunguko huo wa zaidi ya kilomita 1,000 tunalipa bei ambayo wajumbe wa bodi yetu huiulizia kila bajeti inapopita mezani, na jibu letu halijabadilika: tunanunua umbali kwa makusudi, ili kitakachoharibika Morogoro kisiiguse Arusha.

Mwezi uliopita kijiko cha mkandarasi kilichimba pembeni ya barabara kati ya Dumila na Gairo. Laini zote mbili zikakatika kwa mpigo.

Sina ugomvi na kijiko. Barabara zinapanuliwa, mitaro inafukuliwa, faiba zinakatwa. Ndiyo kazi ilivyo. Ninachotaka mnieleze ni hiki: laini ambayo kwa makaratasi yenu ilikuwa inapita Kondoa, ilifikaje Dumila ikakatwe?

Jibu tunalo, maana tunapima muda wa kwenda na kurudi wa kila laini usiku na mchana. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 100 za njia huongeza kama milisekunde 1 ya kwenda na kurudi. Njia ya Morogoro, yenye kilomita 450 hivi, inatupa milisekunde 5.2. Mlipotukabidhi laini ya kaskazini ilisoma 11.6, na tulisaini hati ya makabidhiano kwa furaha, kwa sababu kwa umbali ule ndivyo inavyopaswa kusoma. Kisha, usiku mmoja ambao ninyi wenyewe mlitangaza matengenezo ya kawaida, mstari kwenye chati yetu ulishuka wima kutoka 11.6 hadi 5.4, na haukupanda tena. Hakuna swichi wala ruta duniani inayoweza kuufupisha mwendo wa mwanga kiasi hicho. Kilichofupishwa ni njia. Mliing'oa laini yetu kaskazini mkaipachika kwenye mkongo uleule wa Morogoro, na ankara zikaendelea kuja kwa bei ya kaskazini.

Mhandisi wetu aliwaandikia wiki ileile kuuliza kulikoni. Mtu wenu wa zamu akamjibu kwamba mmeboresha mtandao na sasa tunapata kasi zaidi. Barua pepe hiyo nimeiambatanisha pamoja na chati. Hatukuwa tumeomba kasi. Nakala zetu za data kati ya Dar es Salaam na Dodoma hazisubiriani, na mfumo mzima uliundwa kuvumilia milisekunde 12 bila shida. Hilo liko kwenye kiambatisho cha kwanza cha mkataba, ukurasa ambao naona hakuna aliyeufungua kabla ya kutuhamisha.

Baada ya ajali, mhandisi wenu wa mauzo alitueleza kwa simu kwamba laini hizo bado ni mbili, kwa kuwa kila moja ina rangi yake ya mwanga. Hilo la rangi ni kweli. Mitambo ya DWDM, inayopitisha rangi nyingi za mwanga kwa pamoja, hubeba rangi zaidi ya 80 kwenye jozi moja ya nyuzi, kila rangi na mteja wake. Lakini kijiko hakichagui rangi. Kumpa mteja rangi mbili ndani ya kebo moja ni sawa na kumkatia tiketi za viti viwili kwenye basi moja, kisha umwambie asihofu, basi moja likiharibika atapanda jingine.

Na hesabu iliyotufanya tununue laini mbili haikuwa ya kubahatisha. Kila laini mmeihakikishia upatikanaji wa asilimia 99.9, yaani isizidi dakika 43 za kukatika katika mwezi wa siku 30. Zikiwa hazitegemeani, nafasi ya kuzikuta zote mbili zimelala kwa wakati mmoja ni moja kati ya milioni. Zikiwa mtaro mmoja, laini ya pili haiongezi chochote. Tarehe 12 Mei 2024, hitilafu zilipoipata mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM siku moja na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani, kampuni yenu ilitutembelea muda mfupi baadaye ikiwa na slaidi nzuri sana kuhusu umuhimu wa kutenganisha njia. Slaidi hizo bado ninazo.

Sasa madhara. Hifadhidata yetu huamua kwa kura tatu: kituo cha Dar es Salaam, kituo cha Dodoma, na seva ndogo ya shahidi iliyo hapa hapa Dar es Salaam, nje ya vituo vyote viwili. Upande ukibaki na kura moja huacha kuandika, tusije tukaishia na daftari mbili zinazopingana kuhusu salio la mtu mmoja. Laini zote zilipokatika, Dodoma ilibaki peke yake na ikafanya ilivyofundishwa: ikafunga. Matawi yote yanayohudumiwa kutoka Dodoma yakabaki na uwezo wa kuona salio tu, bila kulipa wala kupokea. Kibaigwa, penye soko la mahindi, ilikuwa siku ya shughuli. Wanunuzi wa mahindi walikuwa na malori yameshapakiwa sokoni, wakulima wamekaa juu ya magunia wakisubiri malipo, na meneja wa tawi hana la kuwaambia zaidi ya kwamba mtandao hakuna. Tulifanikiwa kuyapitisha matawi hayo kwenye intaneti ya kawaida saa nane mchana, kwa kusuasua. Wapo walioondoka na mzigo wao kabla ya hapo, na wapo waliofunga akaunti wiki iliyofuata.

Hata zilipoungwa, laini ya pili ilirudi kilema. Mkataba unataka ibebe pakiti, yaani vipande vya data, vya hadi baiti 9,000. Mitandao yetu ya ndani tunaivusha baina ya vituo kwa VXLAN, njia ya kufunga kila fremu ya mtandao wa ndani ndani ya pakiti nyingine, na hiyo peke yake huongeza baiti 50 juu ya kila fremu, kwa hiyo ukomo wa kawaida wa baiti 1,500 hautufai kabisa. Kwa ping ya kawaida, yaani pakiti ndogo ya majaribio inayotumwa ili irudi, kila kitu kilikuwa shwari, na kwenye skrini zenu, tuliambiwa, taa ilikuwa ya kijani. Nakala za hifadhidata zikawa zinakwama bila ujumbe wowote wa kosa. Mhandisi wetu akazuia pakiti zisigawanywe njiani, akatuma ping ya baiti 1,472, ikarudi. Akaongeza baiti moja, 1,473, haikurudi. Ukijumlisha baiti 28 za vichwa vya pakiti unapata 1,500 kamili, yaani aliyeirudisha laini yetu aliacha mpangilio wa kiwandani na kwenda zake kulala. Tiketi yetu ilifungwa mara ya kwanza kwa maneno "tatizo liko upande wa mteja". Ilipofunguliwa tena, mlirekebisha bila kusema neno.

Fidia mliyopendekeza, punguzo la siku moja kwa laini moja, hatuipokei.

Tunataka laini ya pili irudishwe kaskazini, na safari hii mtupe ramani ya njia nzima, chemba kwa chemba, pamoja na vipimo vya OTDR, kifaa kinachopima urefu na kasoro za faiba kwa mwanga, vya kila kipande, na mturuhusu kuipima wenyewe kabla ya kusaini. Mturudishie tofauti yote ya bei tangu usiku ule wa matengenezo hadi leo; chati inaonyesha saa na dakika, hatutabishana. Mkataba uongezewe kifungu kwamba laini yoyote haitahamishwa njia bila ridhaa yetu ya maandishi. Kama kaskazini hamna tena nafasi, semeni hivyo wazi na mtuachie laini hiyo bila faini ya kuvunja mkataba, tutafute kwingine.

Tunasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Tusipolipata, faili zima, pamoja na chati na barua pepe zenu, litakwenda kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Malipo ya laini ya pili tumeyasitisha kuanzia ankara ya mwezi huu. Ya laini ya kwanza yataendelea kama kawaida.

Wenu katika kazi,

Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA

Nakala: Mwanasheria wa Taasisi, Mkaguzi wa Ndani