Dada yangu hakukaidi masharti ya daktari

Mhariri,

Katika makala yenu ya Jumanne kuhusu tiba ya mionzi, mwandishi alisema kwamba mgonjwa anayebabuka ngozi ni yule aliyekaidi masharti ya daktari. Nampinga. Nimefanya kazi ya maabara hapa Nairobi kwa miaka 27, nyingi nikisoma slaidi za malaria, na dada yangu ametibiwa kwa mionzi.

Alikuwa na saratani ya titi, akapangiwa vipindi 15, jumla ya grei 40 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi). Kwenye foleni alizoeana na mama wa Githurai aliyepangiwa vivyo hivyo, kwa mashine ileile. Wote wawili waliacha sidiria wakajifunga leso za pamba, wala hawakupaka mafuta. Yule mama alimaliza ngozi ikiwa imekoza weusi tu. Ya dada yangu ilibambuka chini ya titi, leso ikawa inagandia kidondani. Kila jioni niliilowesha kwa maji ya chumvi ya vuguvugu mpaka iachie. Hospitalini aliulizwa mbele ya watu amepaka nini.

Ukubwa wa titi, sigara na kisukari huchangia, sikatai. Lakini hata miili yenyewe hutofautiana jinsi inavyoistahimili mionzi. Wako watoto wanaozaliwa na hitilafu katika nakala zote mbili za jeni iitwayo ATM, iliyotambuliwa mwaka 1995. Seli zao hushindwa kuunga vizuri DNA iliyokatwa na mionzi, na dozi ya kawaida ya saratani huweza kuwaua. Hao ni wachache sana. Baina yao na mtu mstahimilivu kuna sisi wengine, kila mmoja na kiwango chake.

Na damu inaweza kuonyesha. Unachukua kiasi kidogo, unakipiga mionzi kikiwa ndani ya chupa, kisha unaziamsha chembe nyeupe zigawanyike kwa kemikali inayotokana na maharagwe. Kabla hazijaachana unazizuia kwa dawa, kwa hiyo siku ya tatu unapata seli zenye viini viwili. Pembeni ya viini hivyo utaona vitone vidogo, mviringo, rangi ileile: ni vipande vya kromosomu vilivyokatika vikaachwa nyuma. Unahesabu vitone katika seli 1,000 zenye viini viwili; vikiwa vingi, seli za mtu huyo zimeumizwa zaidi na mionzi. Mbinu hii ilichapishwa Australia mwaka 1985, na slaidi zake zaweza kupakwa Giemsa, rangi ileile tunayopakia slaidi za malaria.

Sidai kwamba kipimo hiki kimefika mahali pa kumpangia kila mgonjwa dozi yake. Majibu ya mtu mmoja hubadilika akipimwa tena siku nyingine. Tena kuna jambo lililonishangaza: watafiti wa Ufaransa walichapisha mwaka 2015 kwamba wagonjwa wa saratani ya titi ambao chembe zao nyeupe za aina fulani zilikufa kwa wingi zikipigwa mionzi maabarani ndio waliopata madhara machache ya baadaye. Mimi ningetabiri kinyume. Ndiyo maana inafaa tupime, tuache kukisia.

Kwetu kuna sababu ya ziada. Mwaka 2010 watafiti wa Afrika Kusini na Ubelgiji walieleza kwamba chembe za damu za watu wenye virusi vya ukimwi zikipigwa mionzi zilitoa vitone vingi kuliko za wasio navyo. Nairobi, wagonjwa wenye hali hiyo wako kwenye foleni zetu za mionzi kila siku. Hadubini tunazo, na macho yaliyozoea kuhesabu tunayo. Vyuo vikuu vyetu na vianze, hata kwa wagonjwa 50 wanaokubali kutoa damu kabla ya kipindi cha kwanza.

Wakati huohuo, Mhariri, naomba sentensi ile isahihishwe, palepale ilipochapishwa. Dada yangu ni msomaji wenu. Aliisoma kabla yangu, akaninyooshea gazeti bila kusema neno.

Mtaalamu wa maabara mstaafu,
Umoja, Nairobi