Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha wa Kenya: kodi ya mafuta na mtaji wa kituo

Mheshimiwa Waziri,

Kodi ya mafuta ikipanda, wengi hudhani mwenye kituo anavuna. Fungu lake katika kila lita ni shilingi zilizopangwa na EPRA, mamlaka inayopanga bei za mafuta, si asilimia ya bei. Bei ikipanda, fungu hilo halisogei mpaka mamlaka ilipitie upya. Kinachopanda ni pesa anazotoa kabla lori halijapakia.

Tarehe 1 Julai 2023 VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya mafuta ilitoka asilimia 8 hadi 16, na petroli Nairobi ikaruka kutoka shilingi 182.04 hadi 195.53. Tukikadiria kwa bei ya pampu, lita 10,000 zilidai shilingi 134,900 zaidi. Aliyekuwa na pesa za mzigo kamili akabaki na za lita 9,310 hivi. Hapo hukopa, au huagiza pungufu na tangi kukauka kabla ya mwisho wa wiki. Julai 2024 ushuru wa matengenezo ya barabara ukatoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita: 70,000 nyingine juu ya mzigo uleule.

Kuna na upotevu. Petroli iliyopakiwa ikiwa na nyuzi joto 30, ikapoa hadi 22 katika tangi la ardhini, husinyaa kwa lita 80 hivi katika kila 10,000. Lita hizo zimeshalipiwa kodi na hakuna wa kuuziwa. Ada ya malipo ya kadi nayo hukatwa kwenye bei yote, kodi ikiwemo, kwa hiyo kila kodi mpya inamega fungu lilelile lisilosogea.

Kwa mnunuzi, wa bodaboda anayetia mafuta ya shilingi 200 alishuka siku ile ya 1 Julai 2023 kutoka lita 1.10 hadi 1.02. Matatu ndiyo iliyobanwa zaidi: usafiri wa abiria umesamehewa VAT, hivyo mwenye gari hatozi VAT kwenye nauli na hana pa kurudishiwa ile aliyolipa kwenye dizeli. Inaishia kwa abiria. Hata mafuta ya taa, yaliyotozwa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018 ili wachakachuaji wasiyachanganye na dizeli, yanamtoza vilevile mama anayepikia jiko la utambi.

Tunaomba mambo mawili. Mabadiliko yoyote ya kodi yaanze tarehe 15, siku bei mpya za EPRA zinapoanza, si katikati ya mzunguko kama mwaka 2023; mwenye kituo huagiza mzigo akihesabu kwa tarehe hiyo. Pili, tangazo la kodi mpya litoke pamoja na fungu jipya la muuzaji, lililokokotolewa kwa gharama ya mtaji na upotevu kwa bei ya siku hiyo. Takwimu za mauzo na vipimo vya matangi tunazo vituoni, na tuko tayari kuwapa wataalamu wako wazikague.

Wako,
Wenye vituo vidogo vya mafuta