Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Mombasa: Mgonjwa Asemapo "Moyo Wanichafuka"

Mheshimiwa Waziri,

Mwezi uliopita nilimpeleka nyanya yangu katika zahanati moja ya mjini. Alipoulizwa kinachomsumbua, alijibu kwa utulivu, "Mwanangu, moyo wanichafuka tangu alfajiri, na kisunzi kimenishika." Kijana aliyekuwa zamu, ambaye si mzaliwa wa pwani, aliandika kuwa mgonjwa analalamikia moyo, tukaelekezwa kwenye mashine ya kupimia moyo, tukangoja hadi adhuhuri ikapita. Hatimaye muuguzi mmoja alimwinamia akamuuliza, "Nyanya, wataka kutapika?" Nyanya akaitikia kwa kichwa, ncha ya buibui ameiziba mdomoni. Simlaumu kijana kwa kuupima moyo, maana mtu wa umri ule hustahili kupimwa. Kinachoniuma ni kuwa kwa saa zote zile hakuna aliyejua kwamba ana kichefuchefu.

Katika Kimvita, lahaja ya Kiswahili ya hapa Mombasa, moyo si ule tu upigao kifuani. Chembe cha moyo ni pale chini ya kidari, juu ya tumbo, na mwenye vidonda vya tumbo hupashika papo hapo akisema pamuwaka. Mzee asemaye ana mshipa mara nyingi hakusudii mshipa wa damu, bali anaona haya kutaja ngiri au busha mbele ya kijana aliye rika la mjukuu wake. Mwanamke asemaye ana chango huenda anaeleza maumivu ya hedhi, na neno hilo humsitiri. Kwa viungo vya nje hakuna shida kubwa, kwani mato (macho), chanda (kidole) na kisugudi (kiwiko) mtu huvionyesha kwa mkono. Vya ndani havionyeshiki.

Ni katika mji huu huu, mwaka 1928, ambapo mkutano ulikichagua Kiunguja, lahaja ya Unguja, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Sina ugomvi na sanifu, ndiyo niandikayo sasa, lakini mgonjwa mwenye homa hana nguvu ya kujitafsiri.

Katiba ya 2010 iliziweka huduma nyingi za afya mikononi mwa kaunti, na Ibara ya 7 yaitaka Serikali ilinde lugha mbalimbali za wananchi. Kwa hiyo nakuomba, Mheshimiwa, uagize wazee wa Mji wa Kale, Likoni na Kisauni waketi pamoja na wauguzi wazaliwa wa hapa, waandike maneno ya mwili na ya maradhi kama yasemwavyo majumbani, na kila mfanyakazi mgeni asomeshwe kabla hajakaa mbele ya mgonjwa. Wanawake wawe wengi katika kikao hicho, kwa sababu maneno ya uzazi wao ndio wanaoyahifadhi.

Nyanya ameanza kunitajia yake jioni baada ya magharibi, nami nayaandika katika daftari. Nitalileta ofisini kwako siku yoyote utakayoitaja.

Wako mwaminifu,
Mkaazi wa Kuze, Mji wa Kale, Mombasa