Matembezi ya kamera za filamu, Jumamosi asubuhi

Ndugu wanakikundi,

Tutakutana saa kumi na mbili na nusu mbele ya stesheni ya reli ya Moshi, kabla mawingu hayajaifunika Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Wenye Pentax K1000, kamera iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, wasihangaike betri ikiisha, kwa kuwa kazi yake ni kuendesha kipima mwanga tu. Jua likishawaka vizuri, filamu ya ISO 200 (kipimo cha wepesi wake kupokea mwanga) ipigwe kwa tundu la lenzi la f/16 na kasi ya shata ya sekunde 1/250.

Tafadhali mulikeni lenzi zenu kwa tochi leo usiku. Mimi niligundua kuvu, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, ndani ya lenzi yangu ya milimita 50 baada ya kumaliza roli nzima. Nilijilaumu sana.

Mratibu