Kuhusu Binti Yetu na Kazi ya Televisheni

Shoga yangu mpendwa,

Salamu kutoka Dar. Sisi wazima, mvua tu ndiyo imetushika wiki nzima na barabara ya kwetu haipitiki.

Nimefurahi mno kusikia binti yetu ametwaa taji la urembo la mkoa. Halafu nikasoma kwamba kuna kituo cha televisheni kimemwita akafanyiwe majaribio ya utangazaji, na shemeji hataki hata kusikia, anasema warembo wa kwenye televisheni huvuma msimu mmoja kisha hakuna anayewakumbuka. Umeniuliza mimi kwa kuwa riziki yangu iko huko huko, kwenye chumba cha kuhariri vipindi. Shemeji hajakosea kabisa, nimewaona wengi wa namna hiyo. Lakini yupo mwanamke mmoja wa Afrika Kusini ambaye habari zake nazipenda sana, nami nataka umsimulie shemeji kabla hajafunga mjadala.

Anaitwa Basetsana Kumalo. Kabla ya kuolewa alikuwa Basetsana Makgalemele, na kwao wamezoea kumwita Bassie. Alizaliwa Soweto mwaka 1974, mama yake mwalimu, baba yake dereva wa basi, na tangu mdogo aliijua biashara ya kuuza sandwichi. Mwaka 1990, akiwa na miaka 16, alishinda Miss Soweto, kisha akashinda Miss Black South Africa. Ndiyo, weusi walikuwa na shindano lao. Miss South Africa yenyewe kwa miaka mingi ilikuwa ya wasichana wa Kizungu peke yao.

Hapa lazima nikurudishe nyuma kidogo, maana bila hapa huwezi kuona uzito wa alichokifanya Basetsana. Mwaka 1970 mashindano ya Miss World yalifanyika London. Waandaaji walikuwa wanapigiwa kelele kwa sababu ya ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini, wakaona dawa ni kupokea wasichana wawili kutoka nchi hiyo moja. Jillian Jessup, Mzungu, akavaa utepe wa South Africa. Pearl Jansen, binti wa Cape Town aliyekuwa mfanyakazi wa kiwandani, akavalishwa utepe ulioandikwa Africa South. Nchi yake wakaigeuza kichwa chini ili asiiwakilishe! Na Mungu si Athumani, Pearl akawa wa pili duniani nyuma ya Jennifer Hosten wa Grenada, Jillian akawa wa tano. Pearl akarudi nyumbani na nafasi yake ya pili, na ile neema ambayo nafasi kama hiyo humletea mtu haikumfikia. Kuwa mtangazaji wa televisheni hata asingeota, kwa sababu makaburu waliizuia televisheni isiingie nchini mwao hadi mwaka 1976. Kila nikimfikiria mama yule moyo unaniuma.

Basi mwaka 1993 Jacqui Mofokeng akawa mweusi wa kwanza kuvikwa taji la Miss South Africa, na mwaka uliofuata akafuata Basetsana. Ndio mwaka ule ule wa 1994 ambao watu wa kule walipanga foleni za mwezi wa Aprili kumchagua Mandela. Novemba akapanda jukwaa la Miss World nchini mwake mwenyewe, Sun City, akawa wa pili nyuma ya Aishwarya Rai wa India. Nafasi ile ile ya Pearl, ila safari hii utepe ulisema South Africa na milango ilikuwa wazi.

Na sisi mwaka huo tulikuwa na mambo yetu, unakumbuka? Miss Tanzania ilikuwa imelala tangu Theresa Shayo aliposhinda mwaka 1967. Ikafufuliwa 1994, Aina Maeda akavikwa taji. ITV nayo ilianza mwaka huo huo, maana kabla ya hapo Bara hatukuwa na kituo hata kimoja, wenzetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni tangu 1973 sisi tunasikiliza redio. Urembo na televisheni viliingia kwetu kwa mlango mmoja. Ndiyo maana watu wetu wanaviona kama kitu kimoja, na ndiyo maana shemeji anaogopa.

Turudi kwa Basetsana. Baada ya taji alichukuliwa kutangaza Top Billing, kipindi cha SABC, shirika la utangazaji la taifa la Afrika Kusini, cha majumba mazuri, mavazi na maisha ya watu mashuhuri. Watu walimpenda. Angeweza kubaki hapo, akatangaza miaka michache, akabadilishwa na sura mpya. Yeye akaingia ubia na Patience Stevens, mwanamke aliyekuwa akikitengeneza kipindi, wakawa wenye Tswelopele Productions, kampuni iliyokitoa Top Billing na vipindi vingine. Alikuwa bado kwenye miaka ya ishirini. Fikiria binti wa Soweto wa umri huo, katika nchi iliyotoka juzi kwenye ubaguzi, anaketi mezani kama mwenye kampuni.

Wengi wanaotazama televisheni hawajui tofauti hii, na mimi naiona kila siku kazini. Mtangazaji analipwa mshahara, au analipwa kwa kila kipindi anachorekodi. Mwenye kipindi ndiye anayekiuza kwa kituo, ndiye anayezungumza na wadhamini, na kipindi kikirudiwa au kikinunuliwa na kituo kingine hela inakwenda kwake. Mtangazaji akiugua, akipata ujauzito, akigombana na mkuu wa vipindi, kesho yake kuna mwingine kwenye kile kiti. Top Billing ilidumu zaidi ya miaka 25 na watangazaji walipokezana. Basetsana alipoacha kuonekana mbele ya kamera, kampuni bado ilikuwa yake. Baadaye akatoa miwani yenye jina lake, akawa rais wa chama cha wanawake wafanyabiashara wa Afrika Kusini, na mwaka 2019 akaandika kitabu cha maisha yake.

Mwambie shemeji pia kwamba hapa nyumbani tunaye Hoyce Temu. Miss Tanzania 1999. Alitangaza kipindi cha Mimi na Tanzania pale Channel Ten, akiwafuata watu wenye shida zao na kuzipeleka mbele ya wanaoweza kusaidia. Alifanya kazi ya mawasiliano Umoja wa Mataifa, na mwaka 2021 Rais Samia akamteua Naibu Mwakilishi wa Kudumu wa Tanzania kule Geneva. Huyo naye alianza na taji na utepe.

Sasa kuhusu majaribio yenyewe. Wasichana wanaotoka kwenye urembo wakija studio huwa wana shida moja ambayo hawaijui. Wamefundishwa kujibu. Jaji anauliza, mrembo anatabasamu, anajibu, anashukuru. Utangazaji ni kinyume chake: unauliza, halafu unanyamaza na kusikiliza. Nikiwa nahariri namwona kabisa binti ambaye mgeni wake anasema jambo zito, mathalani kwamba amefiwa, na yeye macho yako kwenye karatasi anatafuta swali linalofuata. Hicho kipande sina namna ya kukiokoa. Afanye mazoezi nyumbani na bibi yake, amuulize habari za ujana wake, na swali la pili litoke kwenye jibu la kwanza. Bibi ana mengi, atafurahi.

Asibadilishe sauti wala lafudhi yake. Na akipata kazi, wakimaliza kurekodi asikimbilie kuondoka. Aketi na mhariri, amuulize mpiga picha kwa nini kaweka taa pale, ajue bajeti ya kipindi inakwendaje. Wanaojifunza hayo ni wachache sana, na ndio ninaowaona miaka kumi baadaye wakiwa bado kazini.

Chuo asiache, hapo niko upande wa shemeji. Waulizeni kituo kama wanaweza kumrekodi mwishoni mwa wiki. Vituo vingi hurekodi vipindi kadhaa kwa siku moja, kwa hiyo inawezekana.

Mkataba wakiutoa, asisaini siku hiyo hiyo hata wamharakishe vipi. Upige picha kurasa zote unitumie WhatsApp. Nitaangalia hasa kama wanamfunga asifanye kazi kwingine, kwa muda gani, na picha zake wanaruhusiwa kuzitumia kwenye matangazo ya biashara bila kumlipa au la. Ninaye mwanasheria ninayemwamini, ataupitia. Akija Dar kwa majaribio afikie kwangu, chumba kipo. Niambie tu anakuja na basi la saa ngapi nikampokee.

Msalimie shemeji, na bibi umwambie namuombea goti lake lipone.

Wako akupendaye,
Shoga yako wa Dar