Kwa mdogo wangu ambaye sasa ni kocha

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini hujambo na baridi ya huko imepungua. Mama hajambo, isipokuwa magoti, na kila Jumapili huuliza kama umepiga simu.

Habari za kazi yako nilizipata kwa watu. Video ya chuo kukutambulisha kuwa kocha msaidizi wa riadha niliiona kwenye simu ya mwanafunzi wangu, na nilifurahi mpaka nikakaa chini. Mimi ndiye niliyekushikisha mkuki wa kwanza, ule wa mwanzi, nikakuhesabia hatua za kuruka juu huku ukiangukia maranda tuliyoomba kwa fundi seremala. Mpira wa wavu, mpira wa mikono, kuruka, kutupa: hapakuwa na mchezo uliokukataa. Kwa hiyo uliponiandikia kutoka Marekani kwamba umeingizwa kwenye dekathloni, matukio kumi kwa siku mbili, kuanzia mita 100 hadi mita 1,500, pamoja na ule upondo wa kurukia ambao hapa nyumbani hukuwahi hata kuushika, sikushangaa. Mtu wa namna hiyo ndiye anayefaa kuwa kocha, kwa maana mtupa tufe na mruka viunzi wote atawafundisha jambo ambalo mwili wake unalijua.

Lakini katika video hiyo ulisema kwamba hutamruhusu kijana yeyote kushindana akiwa ameumia, kwa sababu wewe, ukiwa na miaka 17, hukufundishwa bali ulitumiwa. Hukunitaja. Hapa Mbulu ni nani asiyejua uliyemsema?

Ilikuwa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ngazi ya mkoa. Asubuhi ulicheza fainali ya wavu, ukatua vibaya kwenye mguu wa mwenzako, na kufikia saa saba mchana kifundo kilikuwa kimevimba kama embe bolibo. Jioni kulikuwa na kupokezana vijiti, mita 400 mara nne, na wewe ulikuwa wa mwisho. Nilichana kanga yangu, nikakufunga. Hukulia wala hukukataa. Ulinitazama tu wakati nakaza fundo, na macho yale hayajaniacha mpaka leo. Ulikimbia, mkashika nafasi ya pili, kisha ukakaa wiki sita bila kukanyaga chini. Hayo yote ni kweli, na siyakani.

Ila useme na mengine. Mwalimu aliyekuwa akiteua timu ya mkoa alikuwa amekaa pale na daftari lake, na sisi hatukuwa na mtu mwingine wa kutusemea. Tulijua kwamba mkimbiaji wetu Suleiman Nyambui alipitia chuo cha El Paso, Texas, na mwaka 1980 akapata medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow. Ndiyo njia niliyokutakia. Tena sisi ni watoto wa Mbulu. Tumekua tukisimuliwa habari za Mzee John Stephen Akhwari, aliyeanguka katika marathoni ya Mexico mwaka 1968, akafungwa bandeji gotini, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, kwa kuwa nchi yake ilimtuma kumaliza. Wewe mwenyewe ulinieleza kwamba katika dekathloni mwanariadha akiacha kujaribu tukio lolote, hata moja tu, huhesabiwa amejitoa, na kwamba ulipoumia nyonga ulisimama kwenye mstari wa mita 1,500 ili zile alama za siku mbili zisipotee. Uliyafunzwa wapi hayo, kama si mikononi mwangu?

Wapumzishe vijana wako. Ni haki yao. Huko mazoezi ya msimu yana kikomo cha saa 20 kwa wiki, mna barafu, mna mtaalamu wa viungo amesimama pembeni. Mimi nilikuwa na kanga. Lakini usiwafundishe kuogopa kila maumivu, maana maumivu ya kuchoka si maumivu ya kuumia, na kocha asiyeweza kuyatenganisha atawapoteza vijana hata akiwa na huruma kiasi gani. Mimi nilijua kuyatenganisha. Siku ile nilijua, na bado nilikaza.

Nimesema nisichokusudia kukisema mbele za watu, lakini nakiacha kama kilivyo.

Nusu iliyobaki ya kanga ile ipo kabatini kwa mama. Jumamosi tuna mashindano ya wilaya. Nina msichana wa kidato cha tatu, anaruka juu na anacheza mpira wa pete kama ulivyokuwa wewe, na goti lake la kushoto limejaa maji tangu juzi. Analia akitaka kushindana. Wewe ndiye kocha sasa. Nipigie kabla ya Ijumaa usiku uniambie nimfanyeje.

Dada yako