Msamba unauma, mkojo hauna wadudu: sindano zinasaidia wapi

Wengi wanaoulizia huduma yetu ya akupancha, yaani tiba ya Kichina ya sindano nyembamba zisizo na dawa, wameshameza antibayotiki dozi tatu au nne. Maumivu yako kwenye msamba, yaani kati ya pumbu na njia ya haja kubwa. Kwa wengine yanashuka kwenye korodani, yanapanda juu ya kinena, au yanachoma kwenye ncha ya uume baada ya kumwaga mbegu. Ukikaa saa nzima kwenye kiti kigumu yanazidi. Mkojo umepimwa, hauna wadudu, lakini umeandikiwa antibayotiki nyingine, sipro. Au umeambiwa kwa kifupi kwamba ni tezi dume, ukarudi nyumbani unawaza saratani.

Maumivu ya namna hii yakipita miezi mitatu na chanzo kingine hakijaonekana, huitwa maumivu sugu ya nyonga. Katika wanaume wanaoambiwa wana uvimbe sugu wa tezi dume, zaidi ya 9 kati ya 10 wako kundi hili na si la bakteria. Mara nyingi misuli inayoshikilia kibofu na njia ya haja kubwa imekaza kama ngumi iliyokunjwa ikasahauliwa, na mishipa ya fahamu inaendelea kupeleka taarifa ya maumivu hata pasipo na kidonda. Hapo antibayotiki haina cha kuua.

Hatumchomi mtu kabla ya kuona vipimo. Tunataka kipimo cha mkojo cha kawaida na cha kuotesha wadudu, kisonono na klamidia, na kwa aliyekulia Unguja, Pemba au Kanda ya Ziwa, kichocho pia. Aliyevuka miaka 50 azungumze na daktari kuhusu PSA, kipimo cha damu cha tezi dume. Damu kwenye mkojo, homa ya kutetemeka, mkojo kuziba au ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani ni mambo ya hospitali, siku hiyo hiyo. Korodani moja ikianza kuuma ghafla kwa ukali, kimbia: huenda imejinyonga, na saa 6 za mwanzo ndizo zinazoiokoa.

Sasa sindano zenyewe. Ni za chuma kisichoshika kutu, zinatumika mara moja na kutupwa, na unene wake ni milimita 0.30, chini ya nusu ya sindano nyingi za kuchomea dawa. Hakuna dawa ndani yake. Unalala kifudifudi, mto chini ya tumbo, ngozi inafutwa kwa spiriti. Sehemu muhimu kuliko zote iko kwenye mfupa wa pembetatu juu ya kifandugu. Mfupa huo una matundu manne kila upande, na kwenye tundu la tatu ndiko unakotokea mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye kibofu na misuli ya nyonga. Sindano ndefu, ya milimita 75, inaingizwa hapo kwa kulala kidogo kuelekea chini na katikati. Nyingine zinakaa pembeni ya kifandugu, kiunoni upana wa vidole viwili kutoka uti wa mgongo, na mguuni kwa ndani, vidole vinne juu ya kifundo, nyuma ya ugoko.

Unachopaswa kuhisi ni uzito, kuvuta, au ganzi inayotambaa hadi kwenye msamba. Ukihisi kuchomeka kwa ukali, sema papo hapo. Dakika 30 zikiisha, zinatolewa.

Kosa linaloharibu kazi mara nyingi liko kwenye lile tundu la tatu. Mchomaji akikosea pembe, sindano inagota kwenye mfupa, na akiiacha hapo juu juu mgonjwa ametobolewa ngozi tu. Kosa la pili ni la mgonjwa: anakuja mara nne, haoni kitu, anaacha. Katika utafiti wa mwaka 2021 uliofanyika China kwa wanaume 440, tiba ilikuwa mara 20 kwa wiki 8. Waliopata nafuu ya maana walikuwa asilimia 60.6, dhidi ya asilimia 36.8 kwa waliochomwa sindano za kuzuga, yaani za kulinganishia tu. Wiki 24 baada ya tiba kwisha, tofauti hiyo ilikuwa bado ipo. Utasoma humo pia kwamba takriban wanaume 4 kati ya 10 hawakufikia nafuu hiyo, na ni haki yako kulijua hilo kabla hujatoa pesa.

Ndiyo maana tunapima kwa alama. Unajaza fomu ya maswali kuhusu maumivu, mkojo na maisha ya kila siku, jumla kuanzia 0 hadi 43. Unaijaza tena baada ya wiki 4 na wiki 8. Ikishuka kwa alama 6 au zaidi, tiba inafanya kazi. Kama wiki ya 4 haijasogea hata alama moja, tunakaa tuzungumze badala ya kukuuzia awamu nyingine.

Sindano haziui bakteria wala hazipunguzi tezi dume iliyotanuka. Ukitumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kama warfarin, tuambie mapema. Michubuko midogo ni kawaida. Kizunguzungu humpata zaidi aliyekuja na njaa.

Nyumbani, kalia maji ya uvuguvugu dakika 15 jioni, na dereva ashuke anyooshe miguu kila saa. Mazoezi ya kubana misuli ya mkojo, yanayosifiwa sana mitandaoni, yaache kwanza: misuli iliyokaza ukiibana zaidi inauma zaidi. Pumua kwa tumbo, taratibu, uiache ilegee.

Siku ya kwanza njoo umekula, umekojoa, umevaa suruali pana, na uje na majibu yote ya maabara pamoja na majina ya dawa ulizokwisha kumeza.